Kasoro za Suruali

Mume wangu hajawahi kusema uwongo mahakamani, msikitini, wala mbele ya mamake, Mungu amrehemu. Lakini katika kuuza boti yake alisema uwongo wa kutosha mtaa mzima. Nayaandika haya kwa sababu yeye huyasimulia vingine akiwa barazani na wenzake, na mimi sitaki watu wabaki na hadithi yake peke yake.

Boti yenyewe ilikuwa katamarani: matumbo mawili membamba yamelala sambamba, yameunganishwa kwa boriti, na katikati umetandazwa wavu wa kukalia abiria. Watu wa Amu, Lamu yetu hii, wanavijua vyombo, lakini hiki kiliwashinda. Haikupita siku moja kabla ya kukipa jina. Walikiita Suruali, miguu miwili na kiunoni hamna kitu. Mume wangu alinuna wiki nzima, kisha naye akaanza kuiita Suruali, tena kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Boti alikuwa ameachiwa na tajiri wake, Mzungu mmoja ambaye mume wangu alimwendeshea vyombo miaka mingi, na ambaye mwisho alirudi kwao kuzeeka. Kwa miaka saba mume wangu alipeleka wageni Manda, Kipungani, hata Kiwayu, na kurudi na chumvi kwenye ndevu na maneno ya Kitaliano ambayo sikutaka kujua maana yake. Kisha ikaja dhoruba. Ilikuwa asubuhi, mwanzo wa msimu wa kusi, naye yuko peke yake akirudi kupitia mlango wa bahari wa Shela. Suruali ilipanda juu ya mwamba upande wa Manda. Mlingoti ukakatika, boriti ya mbele ikavunjika, tumbo la kulia likatoboka. Wavuvi walimleta nyumbani bega limechanika, amevaa kikoi cha mtu mwingine.

Nilimsafisha bega, nikampa chai ya tangawizi, nikangoja ainywe yote. Mtu hapigwi mwamba mara mbili kabla ya kunywa chai. Alipoweka kikombe nikamwambia achague, ni Suruali au ni mimi. Akiitengeneza, mimi nahamia Kiunga kwa kaka yangu, na asinifuate. Kiunga si karibu, na kaka yangu si mtu wa kukaribisha shemeji. Basi akaahidi, kaka huyo huyo akisikiliza kwenye simu, kwamba boti ataiuza.

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa na chuki na boti. Niliogopa. Tangu siku ile, kila upepo ukitikisa dirisha nilimwona yuko chini ya maji, ndevu zinaelea. Ikitengenezwa atapanda, na akipanda, siku moja wavuvi watakuja kunibishia mlango wakiwa na kikoi kitupu. Ilikuwa lazima iuzwe, tena kwa mtu atakayeipeleka mbali.

Lakini kuahidi ni kitu kimoja. Suruali ilivutwa hadi ufukoni Wiyoni, ikalazwa juu ya magogo, ikakaa hapo misimu miwili ya mvua. Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda kuitazama. "Naenda kuangalia kama mnunuzi amekuya," ananiambia, kana kwamba wanunuzi huota kando ya maji kama mikoko.

Nikaona nikimngoja yeye nitazikwa kwanza. Nikamwita mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ambaye amesoma Nairobi na anazungumza kama redio. Akaipiga Suruali picha kwa upande wake mzima, akakaa kuandika tangazo kwenye simu.

"Shangazi, tukiandika imevunjika hakuna mtu atapiga simu," akasema. "Tuandike, inauzwa kama mradi wa ukarabati."

"Ndiyo kunena nini?"

"Ndiyo kusema imevunjika, lakini kwa njia poa."

Tangazo likatoka. Neno mradi likafika mitaa ya Langoni na Mkomani kabla halijamfikia mnunuzi hata mmoja. Aliyekuja kwanza alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, na daftari la majina thelathini, akiuliza mradi unaanza lini, semina itafanyika ukumbi gani, na kama posho inatolewa kila siku au mwisho wa wiki. Nikampeleka Wiyoni nikamwonyesha mradi. Akauzunguka mara moja, akafunga daftari lake. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananitazama kama niliyeila posho yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nilifanya moja, na kubwa. Kwetu mtu hauzi kitu kibovu akakifunika. Awe anauza mbuzi, nyumba au cherehani, hukaa na mnunuzi mbele ya shahidi akamtajia kila kasoro, moja baada ya moja, ndipo bei itajwe. Mume wangu angeweza kulisahau hilo. Mimi, kwa uchaji wangu wa Mungu, ndiye niliyemkumbusha.

"Mnunuzi akija," nikamwambia, "usifiche kitu."

Akanitazama, uso ukamng'aa. "Bi," akasema, "umesema kweli. Sitafita kitu."

Mnunuzi wa kwanza wa haki alikuwa Mzungu wa Shela, mwenye nywele ndefu na miguu isiyojua viatu. Alikuja na kijitabu, amefurahi, anaipapasa Suruali kama mtu aliyeletewa farasi. Mume wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtaka mpwa wangu atafsiri.

"Bei baadaye. Kwanda kasoro."

Akaanza na za kweli: mlingoti, boriti, tundu la tumbo la kulia ambamo paka alikuwa amezaa. Mzungu anaandika, anatikisa kichwa, anazidi kufurahi. Mume wangu kuona hivyo akakohoa. "Tena, chombo hiki hakipindi kulia. Hupinda kushoto tu."

Mpwa wangu akanitazama mimi kwanza, kisha akatafsiri. Mzungu akaacha kuandika. Akauliza, na mtu akitaka kwenda kulia afanye nini?

"Nazunguke kushoto mara tatu," akajibu mume wangu, uso mkavu. "Atafika."

Mzungu akasema atafikiri. Nadhani anafikiri mpaka leo.

Wa pili alikuwa meneja wa hoteli moja ya Manda, mtu wa bara, mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili. Huyu hakuitaka kusafiria. Alitaka kuiweka kwenye mchanga mbele ya hoteli, aipake rangi nyeupe, aigeuze kibanda cha kuuzia juisi. Nilipolisikia hilo moyo wangu ulicheza. Boti isiyogusa maji! Ningemuuzia na mapazia yangu juu yake. Lakini nilimwona mume wangu anavyobadilika rangi aliposikia neno juisi.

"Kwanda kasoro," akasema. Akazitaja za kweli haraka haraka, kisha akashusha sauti. "Na kina wenyewe."

"Wenyewe gani? Si wewe ndiye mwenyewe?"

"Mimi ni mwenye karatasi."

Meneja akacheka kidogo, lakini hakucheka kwa raha, maana hata bara majini wanajulikana. Na Mungu, ambaye hapendi niwe na siku rahisi, akamwamsha paka wakati ule ule. Ndani ya tumbo la kulia kukasikika kucha zinakwaruza, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Mume wangu akainamisha kichwa kama anayesikiliza salamu. Meneja alikuwa keshafika gatini, simu zote mbili mkononi, na hakuaga.

Siku hiyo niliwaka. Nilimfuata mume wangu toka Wiyoni mpaka nyumbani nikimsema, na watu wa barazani wakitusalimu kwa heshima iliyojaa kicheko.

"Dini haitaki mtu kufita kasoro," akasema alipopata nafasi. "Mimi sikufita."

"Umezua!"

"Kuzidisha si kufita."

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi lakini vitabu amesoma. Sikutaka kumvua mume wangu nguo mbele za watu, kwa hiyo nikauliza kwa adabu. Kuna mtu, nikasema, ana mbuzi anayemuuza, na kila mnunuzi akija humwambia mbuzi ni kiwete, naye si kiwete. Je, ana dhambi?

Mwalimu akaniuliza, "Bi, mbuzi huyo ana matanga mangapi?"

"Moja," nikasema.

"Mwambie mwenye mbuzi uwongo ni uwongo, upunguze au uzidishe. Na aliyeahidi kuuza, nauze."

Nilirudi nyumbani nikamfikishia mume wangu fatwa hiyo hata kabla ya kuvua buibui. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, hata maneno nilishayapanga njiani. Badala yake akasema, "Haya. Atakayekuya, nitamwambia kweli tupu. Yote." Akaamka kwenda kutawadha. Nilijiona nimeshinda, nikapika samaki wa kupaka.

Wa tatu alishuka kwenye boti ya abiria kutoka Faza. Alikuwa fundi wa faiba, mwenyeji wa kule, ila ameishi Mombasa miaka mingi na sasa amerudi kufungua karakana yake. Mtu mnene, wa makamo, asiyependa maneno. Hakuitazama Suruali, aliisikiliza. Alitoa nyundo ndogo yenye kichwa cha mpira na kipande cha chaki, akaanza kugonga tumbo la kushoto kutoka mbele kwenda nyuma, sikio karibu. Ko, ko, ko, kisha ghafla pu. Palipolia pu akachora duara.

Mume wangu alimfuata nyuma akitaja kasoro. Alisema kweli, nashuhudia. Alisema kifuniko cha nyuma kinavuja, na fundi alikuwa keshakichora. Alisema usukani wa kulia umewahi kubadilishwa pini, fundi akainama, akaitazama pini, akaitikia kwa kichwa. Ikawa kama mashindano. Huyu anataja, huyu amechora. Huyu anachora, huyu anadai alikuwa yuko karibu kutaja. Nilimwona mume wangu anafurahi, na furaha yake ikanipa matumaini, maana niliona sasa tutauza kweli.

"Na paka wanne," akamaliza.

"Paka nachukua," akasema fundi.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi, orodha ya kasoro mkononi, akacheka. Mimi nikaanza kuona Wiyoni tupu, magogo bila kitu juu yake, na usiku wa upepo nikilala fofofo. Lakini fundi hakutaja bei. Alirudi mbele, penye boriti iliyovunjika, akachuchumaa pale kwa muda. Kisha akavuta kile kipande cha mlingoti kilichokuwa kimelala pembeni, akakigeuza.

"Mzee, bado moja," akasema.

"Nimetaja zote."

"Tazama hapa. Tanga lilikuwa bado juu. Pete zake zimebaki huku kileleni, kamba imefungwa vile vile ya safari. Na boriti imevunjika kwa mbele, si kwa ubavu. Chombo hiki kiliuparamia mwamba uso kwa uso, tanga limejaa." Aliyasema bila ukali, kama mtu anayesoma barua. "Dhoruba ya kusi hutanguliwa na wingu. Nahodha akiliona, ana wakati wa kushusha tanga na kumaliza chai yake. Nimewauliza watu, wote wanakusifu. Kwa hiyo ama kamba hukwama, ama usukani unakataa. Nikinunua nikaja kulijua hilo niko baharini, nitakuregeshea chombo chako, na haki ninayo. Nambie kasoro iliyobaki."

Mimi, ambaye ulimi wangu hauna breki, nikamjibia mume wangu. "Alikuwa amelala!"

"Sikuwa nimelala," akasema.

Alikuwa ameweka mkono juu ya boriti. Hakunitazama mimi, alimtazama fundi, au nilidhani anamtazama.

"Kamba nzima. Usukani mzima," akasema. "Ni ito."

"Jicho la nani?" fundi akauliza.

"Langu. La kushoto halioni kitu. La kulia laona kati tu, kama mtu anayetungulia tundu ya kitasa. Wingu lilikuya kwa kushoto, sikuliona. Mwamba niliuyuwa nilipokuwa yuu yake." Akaiachia boriti. "Daktari amesema ni presha ya mato. Lililokwenda halirudi, na lililobaki laenda. Chombo hakina kosa. Mwandikie hiyo, mwanangu, iwe kwenye orodha."

Mpwa wangu hakuandika. Mimi niliketi juu ya ndoo.

Ndipo mambo yalipoanza kunijia moja moja, na kila moja likinipiga. Ile safari ya Mombasa kabla ya dhoruba, aliyokwenda kununua kamba akarudi bila kamba, akasema bei ni mbaya. Simu anavyompa mpwa wangu amsomee, nami nikidhani ni ukubwa tu. Vile anavyoshika ukuta akishuka ngazi za nyumba aliyozaliwa. Na uwongo wake wote wa pale Wiyoni ukanigeukia ukawa kitu kingine. Suruali ikiwa juu ya magogo, yeye alikuwa nahodha mwenye boti mbovu. Ikiondoka, angekuwa mzee asiyeona, na angelazimika kuanza kuwa hivyo siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa namlinda na bahari, naye bahari alishaiacha, hajathubutu tu kumwambia mtu.

Fundi aliifuta chaki mikononi kwa muda mrefu. "Hiyo si kasoro ya chombo, Mzee," akasema.

"Umeuliza iliyobaki."

"Nimeuliza. Basi mimi nimeridhika." Akataja bei, mume wangu akaikubali. "Uza."

"Nimekuuzia."

"Nimenunua."

Wakashikana mikono. Ilikuwa imekwisha, jambo nililoliomba kwenye sala kwa misimu miwili, na sikuona raha hata kidogo. Niliomba aache bahari. Sikuomba hivi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele kwa hasira. Nilikuwa na hasira kweli, sitaki kudanganya. Mtu amelala ubavuni mwangu miaka thelathini na tano, anakwenda kumwambia fundi wa Faza kitu ambacho hakuniambia mimi. Tulipoingia kwenye vichochoro nikasimama, nikamgeukia.

"Miaka miwili! Mbona hukunambia?"

"Ungeshinda ukilia."

"Ningelia siku moja! Kisha ningekupikia!"

Akacheka, na mimi sikutaka acheke. Akasema, "Sasa kasoro umeziyuwa zote, na shahidi alikuwapo. Ukitaka kuregesha, haki unayo."

"Nikuregeshe kwa nani?" nikamwambia. "Mamako amekufa."

Alicheka zaidi, mpaka akashika ukuta, na ndipo na mimi nikalia, pale kichochoroni, mchana kweupe, na watu wanapita. Alinyoosha mkono kunitafuta. Aliunyoosha pembeni kidogo ya nilipokuwa, hatua nusu tu, akaupapasa upepo. Nikausogelea mimi, nikaushika kama niliyekuwa hapo siku zote.

Tukaendelea. Mbele, kichochoro kilipokuwa chembamba, kulikuwa na kitu kikubwa, na nikahisi mkono wake unakaza.

"Nini kile?"

"Punda."

"Akuya, au amesimama?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo na mume wangu. Nikamtazama yule punda vizuri, masikio, mzigo wake wa mawe, miguu, kama mtu anayetakiwa kutoa ushahidi.

"Amesimama," nikamwambia. "Pita huku kwangu. Wala usimsalimie, hataitika."

Akapita huku kwangu.